Mama Ni Mmoja

Kinakilishi, mashine ya kunakili watu, kilikuwa kimefika utotoni mwa Mzee Jumanne Ntandu. Kilikwenda taratibu, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, na kila kilichookotwa kichwani mwake kiliwaka ukutani kikawa nukta ya mwanga: mbuzi mwekundu wa mjomba, harufu ya alizeti inapokamuliwa, kofi la mwalimu wa hesabu, na hata mlio wa nati inayolegea juu ya mnara wa upepo alikokuja kufanya kazi ukubwani. Kati ya nukta na nukta ilipita mistari myembamba, maana hakuna anayekumbuka jambo likiwa peke yake. Mbuzi alikwenda kwa mjomba, mjomba akaenda kwenye msiba, msiba ukaenda kwenye sufuria ya wali. Mzee mwenyewe alikuwa amelala na fulana yake, kofia ya nyuzi za mashine kichwani, akilalamika kwamba chai ya jengo hili haina tangawizi.

Mhandisi Perpetua Msaghaa, aliyekuwa akiendesha mashine, alimwahidi tangawizi kesho yake.

Wakati huo Singida ilikuwa jiji kubwa. Upepo wake, ambao zamani kazi yake ilikuwa kupeperusha vumbi na kofia za watu, uliwasha taa za nusu ya nchi, na minara ilisimama juu ya mawe makubwa ya mji hadi macho yalipokomea. Umeme mwingi namna hiyo huvuta mashine zenye njaa, na iliyokuwa na njaa kuliko zote ilikuwa hii ya Jengo la Nakala. Watu walikuja kutoka Mwanza, Lubumbashi na kwingineko ili wanakiliwe kabla ya upasuaji, kabla ya safari ndefu, kabla ya kufa.

Nakala zilikuwa za aina mbili, na Perpetua alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wateja. Nakala ya juujuu, alisema, ni kama kuchonga ufunguo wa pili wa nyumba ileile. Wewe una ufunguo, nakala ina ufunguo, lakini nyumba ni moja. Ukihamisha kabati, nayo itakuta kabati limehama, na nyumba ikiungua nyote hamna pa kulala. Nakala ya kina ni kujenga nyumba ya pili, tofali kwa tofali, hadi msumari wa kutundikia kalenda, na baada ya hapo kila mmoja na lake. Ya juujuu iliwafaa wanaotaka kuwa ofisini na shambani kwa wakati mmoja. Anayekufa huhitaji ya kina.

Ndani kabisa ya kinakilishi, chini ya tabaka zote za kisasa, kulikuwa na kiunzi cha programu kilichoandikwa kwa JavaScript, lugha iliyobuniwa enzi za kurasa za mtandao ili watu wabonyeze vitufe na picha zicheze. Hakuna aliyethubutu kuking'oa. Wahandisi walijenga juu yake kama watu wanavyojenga juu ya msingi wa nyumba ya babu, wakisema wataukagua siku moja.

Kunakili kwa kina kuna mtego wake. Baba anamjua mwana, na mwana anamjua baba. Mashine ikifuata kila mstari hadi mwisho, itatoka kwa baba iende kwa mwana, kwa mwana irudi kwa baba, na itazunguka hivyo mpaka kiyama. Kwa hiyo Perpetua alikuwa amekitia kiunzi kikumbusho, sehemu inayokariri kila kilichokwisha kunakiliwa. Kikumbusho kikikutana na kitu kwa mara ya pili, hakijengi kingine. Huvuta mstari tu hadi kwenye kile kilichojengwa tayari. Na kisipokuwa na hakika kama vitu viwili ni kimoja, kilifundishwa kumuuliza mwenye kumbukumbu. Kuuliza si ujinga, na Perpetua alijivunia sana sehemu hiyo ya kazi yake.

“Mama yuko njiani,” alisema Mzee Jumanne, macho darini. “Ameshatoka Mirihi. Daktari anasema moyo wangu hautamngoja. Basi niachieni mtu wa kumngoja.”

Perpetua hakuhitaji kuuliza mama gani. Alizaliwa Ilongero, si mbali na kwao mzee, na mambo hayo aliyajua. Mama mzazi wa Jumanne aliitwa Siwema. Alifariki mwaka uleule ambao mke wa Jumanne alijifungua mtoto wa kike, mtoto akapewa jina la bibi yake, na tangu siku hiyo baba yake hakumwita kwa jina. Alimwita mama. Alimbeba mgongoni akimwita mama, alimpeleka shule akimwita mama, na alipochinjwa kuku, firigisi, ambayo katika nyumba nyingine ni ya baba, kwake iliwekwa kwenye sahani ya mama. Watoto wa siku hizi hupewa majina kwa sababu yanasikika vizuri, lakini mzee huyu alikuwa wa zamani.

“Kwa nini usimpelekee ujumbe, baba?” aliuliza Perpetua. “Mirihi si mbali kwa sauti. Chomboni angekusikia leo hii.”

“Ujumbe wa nini?”

“Wa hilo unalotaka kumwambia.”

Mzee akasema lililokuwa moyoni. Binti alipotaka kwenda Mirihi kuchimba barafu, yeye alikataa. Binti akapanda chombo. Pale uwanjani, mbele ya watu, baba alimwambia kwamba akiondoka asizitafute radhi zake, hana za kumpa. Miaka imepita tangu hapo. Wamezungumza mara nyingi, za hali ya hewa na za mavuno, na hilo hakuna aliyeligusa.

“Radhi haitumwi kwa mawimbi,” alisema. “Mtoto huja akapiga magoti, ukamwekea mkono kichwani, ukatamka. Niliziondoa mbele ya macho yake, nitazirudisha mbele ya macho yake.”

“Na mkono ukiwa wa mashine?”

“Wewe si umesema ya kina ndiyo mimi hasa? Basi na mkono utakuwa wangu.”

Wazee wa huko wana ubishi wa mawe yao, na Perpetua hakuendelea kubishana. Mashine ilikuwa imesimama. Kikumbusho kilikuwa kimekuta nukta mbili zenye jina moja, zinazoitwa mama zote, zenye uzito uleule wa mapenzi na utii uleule, zikila firigisi ileile. Moja ilikwenda na kutoweka, nyingine ilitokea baada yake. Swali lilijitokeza ukutani kwa herufi kubwa: Mama aliyekwenda na mama aliyekuja ni mtu mmoja?

Perpetua alimsomea mzee. Mzee alicheka mpaka kofia ya nyuzi ikateleza.

“Ni huyohuyo,” alisema. “Alikwenda, akarudi.”

Perpetua naye alicheka. Hata yeye ana mjomba anayemwita bibi na kumwamkia shikamoo kwa utani. Alielewa jibu lile kama mtu yeyote wa Ilongero angelielewa, akabonyeza kukubali.

Mzee Jumanne alizikwa chombo kikiwa bado njiani. Nakala yake ilingoja katika Jengo la Nakala, ndani ya kiwiliwili cha mpira laini na madini chenye sura yake na mikono yake, na kwa kuwa nakala ikiwa haina kazi hulazwa, haikuona urefu wa muda.

Siwema alifika akitembea na vyuma vya kumtegemeza miguuni, maana walioishi Mirihi kwa miaka huwa wazito mno wakirudi duniani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye makovu ya baridi vidoleni. Alitoka uwanjani akaenda kaburini, na kutoka kaburini akaja moja kwa moja Jengo la Nakala. Perpetua alimpeleka kwenye chumba chenye dirisha la kioo, akaiamsha nakala, akatoka nje.

Kwa taabu, vyuma vikilia, Siwema alipiga magoti.

“Shikamoo, baba.”

Nakala ilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Iliinuka kitini, ikamshika mikono, ikamnyanyua.

“Mama, unanipigia magoti mimi? Inuka, inuka. Unataka watu wanione mwana wa namna gani?” Ikainamisha kichwa. “Shikamoo, mama.”

Siwema alidhani ni utani. Baba yake alikuwa hodari kwa utani huo, na siku nyingine alimwamkia hivyo akitoka shule, naye alimjibu marahaba kwa sauti ya kizee, wakacheka. Alijibu marahaba, akangoja kicheko. Hakikuja. Nakala ilimkalisha kwenye kiti kizuri, ikakaa chini sakafuni, ikamuuliza kama mgongo uliomsumbua tangu ajali ya mkokoteni umepona. Siwema hakuwahi kuumia mgongo. Mkokoteni ulimwangukia bibi yake.

Perpetua aliliona lote kupitia kioo. Kabla ya Siwema kutoka chumbani, alikuwa amekwisha kufungua ukuta wa nukta na kutafuta mahali penye kosa, na hapakuwa mbali. Panapotakiwa kuwa na watu wawili palikuwa na mmoja, anawaka kuliko nukta zote.

“Ni mimi,” alimwambia Siwema, na moyo ulimuuma kweli. “Mashine iliuliza vizuri. Baba yako alijibu kama tunavyojibu sisi, na mimi nikamsikia kama tunavyosikia sisi. Nilisahau kwamba yenyewe si ya kwetu.”

“Watenganishe.”

“Kumtenganisha anayeweza ni mwenye kumbukumbu tu.”

“Hapana, dada. Aliyekwenda Mirihi ni mimi. Aliyeangukiwa na mkokoteni ni bibi. Hilo hata mimi naweza kukuchambulia hapa hapa.”

“Safari ina tarehe,” alisema Perpetua. “Mapenzi hayana. Uchungu alioupata wewe ukikohoa usiku ulianza siku bibi yako alipokuwa akikohoa. Nikikata, sijui kisu kipite wapi. Na nakala ya kina haina mstari wa kurudi kwa mwenyewe, hata angekuwa hai.”

Siwema alitazama kioo. Ndani, nakala ilikuwa ikifuta vumbi kwenye kiti alichokuwa amekalia, ili akirudi akikute safi.

“Basi tumwambie,” alisema. “Baba yangu hakuwa mtoto. Aambiwe mama yake alikufa, na mimi ni binti yake. Atalia, kisha ataelewa.”

Perpetua alisita. Katika kazi yake kulikuwa na desturi ya zamani, ya tangu siku za vitufe: usijaribu jambo kwenye kitu unachokihitaji, nakili kwanza, kisha uharibu nakala. Ilikuwa desturi nzuri na hakuwahi kuitilia shaka. Alinakili nakala kwa kina, akaiamsha ile ya pili katika kiwiliwili cha akiba kwenye chumba cha jirani, akaingia na Siwema, akaiambia kwa upole, kama anavyoambiwa mtu habari za msiba. Kwanza maji ya kunywa, kisha kiti, kisha neno.

Nakala ya pili ilisikiliza hadi mwisho.

“Mama amekufa,” ilisema.

“Alifariki zamani, mzee. Huyu hapa ni Siwema, binti yako.”

“Sina binti.” Haikusema kwa hasira. Ilisema kama mtu anayeulizwa kama ana ng'ombe. “Mama alikwenda Mirihi. Nilimkataza. Amekufa huko?”

“Hapana, aliyekwenda Mirihi yuko hapa, mbele yako.”

“Umesema mama amekufa.”

Ndani yake hapakuwa na mahali pa kumweka binti. Kila kilichokuwa cha mama kiliingia kaburini kwa pamoja: mkokoteni, mgongo, mtoto aliyebebwa, sare za shule, chombo kikipaa uwanjani. Yule mwanamke aliyesimama mbele yake akabaki mgeni mwenye sura ya marehemu. Nakala ilishika kichwa ikalia kama wanaume wa kwao wanavyolia, kwa sauti, bila aibu, na ikasema jambo moja tu tena na tena, kwamba amekufa kabla hawajapatana. Mashine za chumba zilijaribu kuituliza zikashindwa. Siwema aliiita baba, akaishika bega, ikauondoa mkono wake kwa heshima, kama unavyoondolewa mkono wa mgeni anayezidi kufariji.

“Izime,” alisema Siwema.

Perpetua aliizima. Kiwiliwili kilibaki na mikono kichwani.

Kisha Siwema akauliza, bila kumlaumu mtu, “Huyu tuliyemzima alikuwa nani?”

“Alikuwa jaribio,” alisema Perpetua. Neno hilo alilitumia kila siku, na kwa mara ya kwanza alilisikia. Alijua vizuri tofauti ya nakala ya juujuu na ya kina, maana ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Ya kina ni nyumba kamili. Amejenga nyumba ya watu kwa ajili ya kuona itaunguaje.

Siwema aliketi kwenye benchi la ukumbini, vyuma vya miguu vikiwa vimenyooshwa mbele. Alikuwa amesafiri miezi mingi kuja kufanyiwa jambo la dakika moja. Huko Mirihi, wenzake walipoulizana wakirudi watafanya nini, wapo waliotaja ziwa, wapo waliotaja mlenda wa nyumbani. Yeye alisema atapiga magoti. Walimcheka, kwa kuwa hakuna aliyejua maana yake. Mtu asiye na radhi hafi kwa sababu hiyo, hata homa haimpati. Ila kila linapomharibikia jambo, mtambo ukigoma, ndoa ikivunjika, husikia neno lile la uwanjani likijibu mahali pa sababu zote.

“Huyu wa kwanza,” aliuliza, “tukimwacha hivyohivyo, anaumia?”

“Hapana. Ana furaha. Amemwona mama yake.”

“Basi hakuna atakayemwambia kitu.”

Alijiinua, akarudi chumbani. Nakala ya Mzee Jumanne ilisimama kumpokea.

“Nilidhani umeondoka tena, mama.”

“Nipo.”

Alikaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi. Nakala ilibaki imesimama, ikicheza na vidole, kama mzee alivyokuwa akifanya akiwa na neno zito. Kisha ikapiga magoti, taratibu, goti moja na la pili.

“Mama, nina jambo. Siku ile unapanda chombo nilisema maneno pale uwanjani. Nilikunyima radhi.” Ilitikisa kichwa. “Mpaka leo sijielewi. Mwana anamnyimaje mama radhi? Anazitoa wapi? Nadhani hasira ilinipanda nikasema nisichokuwa nacho. Lakini nilikuumiza, nilikuona usoni. Ulitazama nyuma mara moja, kisha hukutazama tena.”

Ilikuwa kweli. Alitazama nyuma mara moja. Siwema hakujua kama baba yake aliliona hilo, na sasa alijua, na machozi yalimtoka asiyafute.

“Nilikuwa nikikungoja nikuombe msamaha,” ilisema nakala. “Usiniache na lile neno.”

Siwema aliuweka mkono kichwani pake. Nywele zilikuwa za kutengenezwa, laini kuliko za mzee. Alitamka maneno kama yalivyotamkwa kwao, aliyokuwa ameyakariri njia nzima kutoka Mirihi akijiandaa kuyapokea: amemsamehe ya mbele na ya nyuma, atembee salama, alale salama, mkono wake ukishika jani liwe chakula, kinyongo hakuna. Nakala ilishusha pumzi ndefu, ijapokuwa haikuhitaji pumzi, na uso wake ukalegea ukawa uso wa Mzee Jumanne akimaliza kazi ya juu ya mnara.

Perpetua, nyuma ya kioo, aligeuka akatazama pengine.

“Na mimi nina ombi,” alisema Siwema.

“Sema, mama. Lolote.”

“Niwekee mkono kichwani. Unipe na mimi radhi.”

Nakala ilimtazama usoni, ikitafuta utani. Ilipoona hakuna, ikamshika mikono yote miwili, ikaishusha mapajani pake kwa upole, na kuiacha hapo.

“Hilo siliwezi, mama,” ilisema. “Radhi hushuka. Haipandi.”

“Kweli, mwanangu,” alisema Siwema. “Haipandi.”